Dada, Waliifagia Njia

Dada Nyamizi,

Shikamoo. Ulipokuwa chuoni Dar ulinicheka kwa sababu barua zangu zote zilianza vilevile: mimi ni mzima wa afya, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Uliniuliza hofu ya nini kwa mtu anayekula wali kila siku. Leo nimeshindwa kuliandika hilo neno lilivyo. Wewe hofu huna tena. Mimi ni mzima, na hofu yote imebaki kwangu, kama ulivyoniacha.

Naandika nikiwa ofisini kwetu, hapa ushirika wa wafuga nyuki. Ni Jumamosi mchana, wenzangu wameshafunga kazi, na nimekaa na karatasi kwa sababu nina mambo ya kukueleza na mengine ya kukuuliza. Yale ya kukuuliza ni mengi zaidi.

Nianze na nyumbani. Mama hajambo. Mguu bado unamsumbua asubuhi, lakini akishaanza kutembea anasahau kama unauma. Karakana yako ya Kanyenye ameipanga fundi cherehani, kijana mstaarabu. Lile doa la grisi pale sakafuni hakulifuta, ameweka meza juu yake. Yule mzee wa Kihindi wa duka la spea, uliyekuwa ukibishana naye kila wiki juu ya beringi, nikipita ananiita ndani, ananipa chai. Chai ikiisha naaga. Nadhani ndiyo namna yake ya kukukumbuka.

Kifaa chako cha kubebea mizigo tulikileta nyumbani Ipuli kwa mkokoteni. Mama alikiweka sebuleni kati ya kabati na televisheni, akakifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha wageni. Kitu kilichozoea kupanda na kushuka makorongo kikawa kimesimama pale kwa miezi, miguu sita ikichungulia chini ya kitambaa kama mbuzi aliyevalishwa kanzu. Watoto wa jirani wakiingia wanakiamkia kwanza, ndipo wanamwamkia mama.

Tena hakiitwi kifaa siku hizi. Hukuuona msiba wako, kwa hiyo nikusimulie. Zuhura, mtunza stoo wetu, alikuja kama mtani anavyopaswa kuja. Unajua sisi na Wazaramo tunataniana tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kufikia kwao. Watu wanalia, yeye akaingia amevaa ovaroli lako, akakaa juu ya kifaa chako katikati ya uwanja, akatangaza kwamba maiti haitoki mpaka apewe asali. Kisha akawageukia wazee. "Nyinyi Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu mpaka mabega yakachoka. Sasa mmeunda Mnyamwezi wa miti awabebee. Na huyu dada yenu mvivu amekimbia kabla hajamaliza kumfundisha."

Mama alikuwa hajala tangu asubuhi. Alicheka huku machozi yanamtoka, akaomba uji. Tangu siku hiyo kifaa chako kinaitwa Mnyamwezi, na wote tunamsema kama mtu. Nisamehe, hata mimi nimeshazoea.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Betri na mota za Mnyamwezi ni mali ya ushirika, unakumbuka. Wewe ulitoa miguu na akili, wao wakatoa vyuma. Juzijuzi Mzee Maganga, mwenyekiti wetu, alipata mgeni kutoka Dar, mhandisi kijana mwenye toroli la magurudumu manne. Toroli lina kamera. Linatuma picha kwenye kompyuta kubwa ambayo sijui iko nchi gani, na huko linaambiwa pa kupita. Mgeni alitaka kulijaribu porini kwetu, kubeba ndoo za asali kutoka kambini mpaka barabarani ambako gari linafika, kazi ileile uliyomkusudia Mnyamwezi. Kamati ikaamua vijaribiwe vyote viwili siku moja, njia moja. Kwa upande wetu maana yake ilisemwa wazi mkutanoni: Mnyamwezi asipofika, atafunguliwa. Betri na mota zitafungwa kwenye mashine ya kukamulia asali, na mama atarudishiwa fito za miguu.

Nikapewa kazi ya kumwandaa. Mimi ni ndugu yako na ni karani, kwa hiyo kila mtu aliona inafaa. Hakuna aliyeniuliza kama najua.

Sijui, dada. Nilisomea hesabu za biashara. Kila ninachokijua juu ya akili mnemba nilikipata kwa kutembea nyuma yako nikibeba spana.

Unakumbuka siku uliponipeleka kwa mara ya kwanza kwenye njia ya kambini, ile ambayo wazee wanasema misafara iliipita ikielekea Ujiji? Tulifika mahali inapopinda ghafla kushoto, inazunguka pasipo na kitu, kisha inarudi ilikokuwa inakwenda. Hapakuwa na mti wala jiwe wala kichuguu. Uliniuliza kwa nini imepinda. Nikajibu kama mwanafunzi anayetaka kumaliza somo: labda walikosea. Ulichuchumaa ukafukua kwa kijiti, ukatoa unga mweusi wa mti uliooza. Ukasema labda mti ulianguka pale zamani, watu wenye mizigo wakauzunguka. Mti umeoza, waliouzunguka wamekufa, na kona bado ipo, na sisi tumeifuata bila kufikiri. Halafu ukauliza: "Sasa ni nani anayeukumbuka ule mti?"

Nilidhani swali la namna hiyo lina jibu katika kitabu ambacho sijakisoma.

Na ile miguu yako ya kwanza kabisa, ya vijiti na misumari, uliyoiweka juu ya ubao ulioinamishwa kwa tofali. Haikuwa na betri wala waya. Uliiachia ikashuka yenyewe, hatua moja, hatua nyingine, ikiyumba kama mtu anayetoka ngomani alfajiri. Niliipindua kutafuta mota. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ulisema wenzako chuoni walitaka kujenga kichwa kwanza, kichwa kikubwa kinachojua kila kitu, miguu watafunga baadaye. Wewe ulitaka kuanza na miguu na ardhi, ukishamaliza hayo ndipo uone kichwa cha ukubwa gani bado kinahitajika. "Huenda cha hivi tu," ukasema, ukanionyesha ukucha.

Siku hiyo nilikuambia, nusu kwa utani, kwamba hofu yangu naisikia magotini kabla sijajua ninaogopa nini. Nilitegemea ucheke. Uliniuliza goti lipi linaanza.

Basi siku ya majaribio ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita. Sikiliza tulichofanya. Mgeni anatoka Dar mpaka porini kwetu, ungempokeaje? Mzee Maganga alitoa agizo ambalo mtu yeyote mwenye adabu angelitoa: pafagiwe. Kina mama wa ushirika wakaja alfajiri na mafagio, wakaanza na uwanja wa kambi, wakaona aibu kuishia hapo, wakaendelea na njia. Wanaume wakatangulia na majembe. Wakaparura nyasi za pembeni, wakajaza mashimo mchanga, wakakata mizizi iliyojitokeza. Hata ile kona yako waliinyoosha, maana mmoja alisema inachekesha. Nami nilishika ufagio, tena kwa furaha. Jua lilipopanda, njia nzima mpaka barabarani, mwendo wa kama robo saa, ilikuwa nyeupe na tambarare kama uwanja wa harusi, na mistari ya mafagio ikionekana. Mgeni alisema hajawahi kupokelewa hivyo, na uso wake ulionyesha anasema kweli.

Toroli likaanza. Siwezi kumdanganya marehemu: lilikwenda vizuri. Lilifika barabarani na ndoo zake mbili, watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Kisha ikawa zamu yetu. Niliwaeleza watu kwa karatasi niliyoandika. Miguu sita ya fito za mkole, mti wa kutengenezea pinde, kwa sababu unapinda na kurudi. Nyayo za mpira wa tairi. Mota za waipa ambazo ushirika ulizing'oa Nzega kwenye malori mabovu. Mbele, masharubu ya waya wa breki kama ya paka, ya kupapasia. Mzee mmoja akauliza macho yako wapi. Nikasema hana. Akauliza tena, taratibu, kama vile mimi ndiye nisiyesikia: atapitaje?

Nikawasha. Mnyamwezi akapiga hatua chache, akasimama. Sharubu la kulia likanyooka, likapapasa hewa. La kushoto likapapasa hewa. Akageuka. Akaenda akizunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, akazama kwenye mchanga mlaini tuliojazia shimo, akalala ubavu. Ndoo zilikuwa na maji, maana tuliogopa kuweka asali. Yakamwagika. Kina mama wakasema pole kwa sauti moja, kama ameanguka mtoto. Yule mzee akauliza tangu lini Mnyamwezi akapotea njia ya msafara. Kila mtu alicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda kuziokota ndoo.

Mzee Maganga hakunifokea. Aliniwekea mkono begani, akasema dada yako alijitahidi, na Jumatatu fundi atakuja kufungua.

Ijumaa nikaja kazini. Ofisi nayo ilikuwa imesafishwa kwa ajili ya mgeni, na mtu mwema alikuwa ameipanga meza yangu: kalamu kwenye kikombe, mafaili kwa ukubwa, kila kitu ndani ya droo yake. Akaja mfugaji mmoja anayetaka kugongewa muhuri kwenye kibali cha kusafirishia asali. Mkono wangu ukaenda kulia, kwenye rundo ambalo muhuri hukaa siku zote, ukashika mbao tupu. Ukaenda kwenye kidau cha wino, ukakuta kikombe. Kazi ninayoifanya kila siku nikiwa napiga soga ikanishinda nikiwa nimenyamaza. Mfugaji akaniuliza kwa upole kama ndio kwanza nimeajiriwa.

Nikabaki nimenyoosha mkono hewani, dada, na hapo ndipo nikamwona Mnyamwezi.

Sehemu ya ukarani wangu ilikuwa pale mezani. Haikuwa kichwani kabisa. Ilikuwa kwenye lile rundo ambalo wote waliliona uchafu, na mkono wangu ulikuwa ukisoma rundo hilo kila siku bila kuniambia. Mtu mwema amelipangusa kwa kitambaa chenye maji, na mimi nikawa mjinga kuanzia asubuhi. Na masharubu yako ya waya yalikuwa yakitafuta nini? Yalitafuta nyasi. Ukingo wa nyasi kulia, ukingo wa nyasi kushoto, na katikati mfereji uliochongwa na miguu ya watu. Nyayo zake zilitafuta mizizi ya kujisukumia. Ulimpa kichwa kidogo kwa sababu nyingine yote ilikuwa imeshatandikwa chini, imetandikwa na watu waliopita hapo wakilalamika juu ya mizigo yao. Alhamisi ile tulimfungua ubongo bila kugusa hata skrubu moja. Tuliufungua kwa mafagio, tena kwa heshima zote.

Nilifurahi sana kuligundua. Halafu nikakumbuka kwamba sasa lazima nikalisemee.

Nilikwenda kwanza stoo kwa Zuhura. Alinisikiliza huku akifunga vifuniko vya ndoo, akasema, "Mtani, ukimwambia mwenyekiti kwamba usafi ndio ulioharibu, wale kina mama watakufagia wewe." Lakini alivua aproni akanifuata. Tulimkuta Mzee Maganga nje ya ofisi, akinywa chai na mgeni aliyekuwa akijiandaa kurudi Dar. Goti la kushoto ndilo lilianza. Nikaamkia, nikaomba ruhusa, na maneno niliyokuwa nimeyapanga yakapotea yote. Nilisema tu: "Mwenyekiti, naomba asifunguliwe. Hatukumjaribu yeye. Tulijaribu nusu yake, nusu nyingine tuliifagia asubuhi."

Nikaeleza, kwa kurudiarudia, nyasi na mizizi na meza yangu. Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. Ndipo akauliza swali ambalo najua ungelipenda: mwenye akili si anapita popote? Akili gani hiyo inayohitaji uchafu?

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimuuliza yeye, anayejisifu kwamba anaweza kufika kwenye mizinga yake amefumba macho, kama angeweza kufumba macho Kariakoo. Zuhura akaguna. Mzee Maganga akaangalia chini, kisha akaanza kucheka polepole, akamweleza mgeni jinsi alivyowahi kupotea Dar kati ya nyumba ya wageni na msikiti uliokuwa unaonekana dirishani, hadi akaenda kuswali msikiti mwingine. Lakini hakuishia hapo. Alisema, "Mimi baada ya muda nilizoea. Huyu wenu atazoea?"

Nikasema sijui. Nililisema hilo mbele ya mwenyekiti na mhandisi, dada, na hakuna kilichoniangukia.

Akatupa Jumapili. Njia si ileile, maana ile ilikuwa imeshaharibika kwa uzuri. Akatoa njia inayotoka kwenye mizinga yake mwenyewe mpaka kambini, ambayo Mnyamwezi hajawahi kuikanyaga na ufagio haujawahi kuifikia. Na akaweka sharti: ndoo ziwe na asali. Asali yake.

Hatukufagia. Kina mama walikuja wakakaa pembeni, mikono viunoni, wakiumia kuona majani. Mgeni alikuwa ameahirisha safari. Nikawasha nikarudi nyuma.

Alikwenda polepole kuliko nilivyokumbuka. Masharubu yaligusa nyasi huku na huku, tik, tik, kama vidole vya mtu anayesoma gizani. Akifika kwenye mzizi, fito ya mkole inapinda, inakusanya nguvu, inamrusha mbele kidogo; nilikuwa nimeisahau ile dundadunda yake, na ndoo zikining'inia zikidunda naye. Tulimfuata kimya kimya kama watu wanaofuata ng'ombe aliye na mimba. Kwenye korongo dogo mguu wa mbele ukaingia ufa wa ardhi ukakatika. Tulisikia wote. Akasimama, asali ikainama mpaka ukingoni. Nilitaka kukimbia nimdake, Zuhura akanishika shati.

Akapapasa. Akapapasa tena. Kisha akaanza kutembea kwa miguu mitano, ubavu mmoja ukiwa chini, kwa mwendo ambao sijawahi kuuona. Nimepekua maagizo yote uliyoyaacha kwenye kompyuta yake ndogo, mwendo huo haumo. Ninavyoelewa mimi ni hivi, na unisahihishe: mguu uliokatika haukugusa chini, kwa hiyo haukuitika, jirani zake waliungoja kidogo, wakaona kimya, wakaendelea, na katika kungojana huko kukazaliwa mwendo mpya. Kama wapagazi wanne wenye mzigo mmoja, mmoja akijikwaa. Hakuna anayetoa amri. Mabega yanasikia.

Alichelewa. Toroli lingeshafika na kurudi. Lakini alifika, na asali haikumwagika. Mgeni alilala kifudifudi mchangani na shati lake jeupe ili aziangalie nyayo kwa chini, akaniuliza huu ni mti gani. Nikamwambia. Alisema toroli lake kwenye njia kama ile lingekuwa linapiga simu Ulaya kuulizia kila jani, na akacheka mwenyewe. Ni mtu mzuri. Aliniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu, na hakuonekana kunidharau kwa hilo. Alionekana ana njaa nayo.

Mzee Maganga alichovya kidole kwenye ndoo, akalamba, akatoa hukumu: "Anachechemea, lakini hamsumbui mtu kwa maswali." Toroli litapewa barabara pana ya magari, Mnyamwezi atabaki kambini kwenye njia za miguu. Hatafunguliwa.

Sasa maswali yangu. Masika ikija, nyasi zitafunga njia zisizopitwa. Yeye akipotea hapo, ni nani atakuwa amesahau, yeye au njia? Wachoma mkaa wakimaliza miti upande ule, atakuwa amepoteza akili bila kuumwa? Na yule ndege mlembe anayetuita mpaka kwenye nyuki kisha anangoja tupasue gogo: yeye anajua asali ilipo, sisi tuna shoka na moshi. Ujuzi wa kupata asali uko kwa nani? Zamani ningeogopa maswali yasiyo na jibu. Siku hizi nayabeba njiani, na naona yanapungua uzito nikitembea.

Kuna lingine, na hili ni gumu. Mama hakutaka Mnyamwezi arudi porini. Alisema, "Mwanangu, huko ataisha." Ni kweli, ataisha. Pale sebuleni angedumu kuliko sisi sote. Sikuweza kumbishia, kwa hiyo nilimchukua nikampeleka kambini akamwone akitembea. Alimfuata kutoka kwenye mizinga ya mwenyekiti mpaka kambini, na ule mguu wake unaouma. Tulipofika alikaa juu ya ndoo, akajipepea kwa khanga, akasema ule mguu wa nyuma wa kulia unaburuza kidole kama ulivyokuwa ukiburuza wewe ulipotumwa maji ukiwa mdogo. Sikuwahi kuona. Baada ya hapo sikuweza kuacha kuona. Hatujui kama ulikusudia, au mikono yako ilichonga tu ilivyojua kutembea.

Mguu uliokatika nimeshaweka mwingine. Nimeuchonga mimi, na ni mnene, nimeubana vibaya. Mwendo umebadilika, mama aliugundua mara moja, akageuza uso. Ikipita masika au mbili, miguu mingine mitano nayo itaoza au itavunjika, na ule wa nyuma wa kulia pia, na itafika siku atembee bila fito hata moja uliyowahi kuishika. Nimeliogopa jambo hilo kuliko nilivyomwogopa mwenyekiti.

Hata hivyo nakuahidi, na kwa kuwa ni karani naahidi kwa maandishi. Sitamfungia ndani. Kila mguu utakaokatika nitachonga mwingine, vibaya mwanzoni, kisha vizuri kidogo. Sitamlazimisha atembee kama wewe. Nitamwachia mchanga na mizizi imfundishe mwendo unaomfaa na miguu aliyonayo, nami nitakuwa nyuma yake nikitazama, na nikiona jambo nitakuandikia.

Pumzika, dada. Mungu akupe kivuli. Zuhura amesimama dirishani na mapanga mawili, anauliza ni Mnyamwezi gani huyu anayeandika barua wakati wenzake wanabeba. Tunakwenda kukata mkole kabla jua halijazama.

Mdogo wako,
Hamisi